Kupokea kazi si kunywa soda

Bwana Mhariri,

Naandika kutoka Songo, hapa Uvira, mtaa wenye mlima mgongoni na ziwa miguuni. Mimi ni fundi mwashi. Nimejenga kuta zaidi ya miaka thelathini. Magoti sasa yamegoma, lakini macho bado yanafanya kazi. Naomba nafasi gazetini mwako niseme neno juu ya mfereji.

Mwaka jana, kabla ya mvua, tuliletewa kanivo ya mawe ya kupokea maji yanayoteremka kutoka Mitumba, yafike ziwani bila kupitia majikoni mwetu. Tulishangilia. Mtu wa Uvira haelezwi maana ya maji. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe uliacha njia yake ukaingia majumbani; watu walikufa na nyumba zilisombwa kwa maelfu. Tangu hapo, anayekuja na neno "mfereji" hatumuulizi maswali mengi. Tunampa maji ya kunywa na kivuli cha kuwekea simenti. Kosa letu sisi wakaaji lilianzia hapo, nalikiri mapema.

Bango lilisimamishwa, kubwa, la bati zuri. Lilikuwa na jina la kazi, jina la kampuni na alama za waliotoa pesa. Bei haikuandikwa, wala urefu wa mfereji, wala siku ya kuanza na ya kumaliza. Baada ya wiki chache lilianguka, na leo limekuwa paa la kibanda cha mandazi. Naona limepata kazi ya maana kuliko ile ya kwanza.

Kila asubuhi nilipita shantie, yaani pale penye ujenzi, kwa mazoea tu, kama mvuvi mzee anavyokwenda ufukweni kutazama nyavu za wenzake. Siku moja nikahesabu: mfuko mmoja wa simenti, toroli sita za mchanga. Mimi kwa ukuta wa mawe unaopigwa na maji nilifundishwa toroli mbili, ukibana sana tatu. Nikamwuliza kijana aliyekuwa akikoroga. Akacheka kwa aibu, akaniambia, "Mzee, mimi nafuata walivyosema." Msimamizi wake akanisogelea na kunijibu kwa heshima kabisa: "Papa, hii ni kazi ya serikali, si nyumba yako."

Jibu hilo limenikaa kichwani mpaka leo. Angekuwa anajenga nyumba yangu, nisingemlipa mpaka nione devi, yaani makadirio ya gharama, nipime kuta, nigongegonge. Sasa kwa kuwa mwenye kazi ni serikali, yaani sisi sote, ndiyo hakuna wa kugonga?

Halafu ikafika siku ya mapokezi. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki na soda za baridi, na hotuba tatu. Hakuna hata mmoja aliyeshuka mferejini. Sikuona futi ya kupimia, sikuona karatasi yenye michoro. Hati ilitiwa saini juu ya kofia ya gari, tukapiga makofi, wakaondoka. Jioni nilirudi peke yangu na msumari wa inchi sita. Niliusukuma kwa kidole gumba kati ya jiwe na jiwe, bila nyundo. Ulizama mpaka kichwa kikagusa ukuta.

Mvua kubwa ya tatu ilibomoa hatua ishirini na tatu za ukuta. Nimezipima kwa miguu yangu. Jirani yangu, mama anayeuza ndagala, alipoteza mifuko miwili iliyokauka vizuri, tayari kupelekwa soko la Mulongwe. Tulipokwenda kuuliza, ofisi ya hapa ilisema mkataba uko Bukavu. Aliyetuulizia Bukavu akajibiwa kwamba uko Kinshasa. Mfereji uko Songo, karatasi yake inatembea nchi nzima.

Bwana Mhariri, sitaji kampuni wala ofisi, maana bila mkataba mkononi nitakuwa nasingizia tu. Huenda hata hizo toroli sita ziliandikwa na aliyechora! Na hilo ndilo lalamiko langu lenyewe: asiyeuona mkataba hawezi kujua ameibiwa, au amepewa alichoagiziwa.

Wabelgiji walituachia jina baya kwa jambo hili. Wao husema "marché public", na sisi tukisikia "marshe" tunawaza meza za mikebuka na kelele za kupatana bei. Basi wengi wanadhani ni mambo ya wafanyabiashara. Kumbe ni jambo la kila anayelipa kodi ya meza au ushuru wa pirogi: serikali inanunua kitu kwa pesa yetu, na kuna namna ya kununua iliyoandikwa. Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 inahusu serikali kuu, majimbo na miji yetu hii pia. Kanuni yake ni mashindano: kazi inatangazwa, wenye uwezo wanaleta bei zao katika bahasha zilizofungwa, bahasha zinafunguliwa mbele ya walioshindana, na anayechaguliwa anachaguliwa kwa vipimo vilivyotangazwa mapema. Tena sheria imegawa mikono makusudi. Ofisi yenye kazi ina kitengo chake, kile wanachokiita CGPMP, kinachopanga na kuendesha zabuni. DGCMP inakagua kabla ya saini. ARMP inalinda kanuni na kusikiliza malalamiko ya walioshindana. Watatu, ili mmoja asijiulize na kujijibu mwenyewe.

Kupeana kazi mkononi, bila mashindano, hiyo "gre a gre", kunaruhusiwa, lakini kama mlango wa dharura, na kwa kibali. Majirani zangu wengi walilisikia neno hilo mwaka 2020, kesi ya programu ya siku 100 ya Rais ilipokuwa ikirushwa kwenye redio na televisheni. Mshtakiwa mkuu, Mheshimiwa Vital Kamerhe, mtoto wa jimbo letu, alihukumiwa miaka 20 tarehe 20 Juni 2020, kisha mahakama ya rufaa ikamwondolea hatia Juni 2022. Mtaani tulibishana miezi kuhusu mtu: ana hatia, hana hatia, ni siasa. Kuhusu kazi zenyewe, namna zilivyotolewa na nani alizipima, sikusikia ubishi hata jioni moja. Tunapenda kesi kuliko futi ya kupimia.

Na Uvira dharura haiishi. Mafuriko yakipita, ziwa linapanda. Ziwa likishuka, watu wanakimbia vita. Kila mara kuna sababu ya kweli ya kuharakisha. Sikatai. Daraja likienda, hatuwezi kungoja bahasha huku wagonjwa wako ng'ambo. Lakini mfereji wetu ulijengwa kiangazi, jua linawaka, hakuna aliyekuwa anakimbizwa.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania tangu 2023 imehamishia zabuni zake kwenye mtandao unaoitwa NeST. Sisemi kwamba huko hawaibi. Wizi hauogopi kompyuta. Nasema tu kwamba karatasi yenye mahali pake haiwezi kusingiziwa kwamba iko Bukavu.

Kwetu, hata bila mtandao, rangi na ubao vinatosha. Yaandikwe kwenye bango: bei, urefu, kina, unene wa ukuta, siku ya kuanza, siku ya kumaliza, jina la ofisi inayosimamia. Bango hilo lilindwe mpaka kazi ipokelewe mara ya mwisho. Nakala ya masharti ya kazi iwekwe kwa shefu wa mtaa, aisome anayetaka. Na siku ya mapokezi wachukuliwe mafundi wawili wa mtaa, tuko wengi na hatudai posho, washuke mferejini pamoja na mhandisi. Kampuni yenye kazi safi haitaogopa wazee wawili wenye msumari.

Najua nitaambiwa kwamba nchi iko vitani, na mimi nahesabu toroli. Mimi naona kinyume. Watu waliokwisha kupoteza mengi ndio wasiostahili kujengewa mara mbili kitu kile kile, mara ya pili kwa pesa iliyokuwa ya kitu kingine. Na nitaambiwa pia kwamba sheria inampa haki ya kulalamika mzabuni aliyeshindwa, si mzee wa Songo. Sawa. Ndiyo maana nimekuandikia wewe, wala sijakwenda ARMP.

Sasa jambo la haraka. Sherehe ile ya soda ilikuwa ya mapokezi ya muda. Kwa desturi ya kazi hizi, kati yake na mapokezi ya mwisho hupita mwaka wa dhamana, na sehemu ya malipo huzuiwa mpaka mwaka huo uishe. Katika mwaka huo kampuni inawajibika kurekebisha kilichoharibika kwa kosa lake, kwa gharama yake yenyewe. Saini ya mwisho ikishatiwa, pesa iliyozuiwa inaachiliwa na hatua zile ishirini na tatu zinakuwa mzigo wetu.

Kama mkataba wetu unafuata desturi hiyo, imebaki miezi miwili. Naomba wenye kalamu waje Songo na mkataba kabla ya kusaini. Waje siku yoyote, hata Jumapili baada ya misa. Soda tutanunua sisi.

Fundi mwashi,
Songo, Uvira