Ubuntu si ya bando za Matinyani

Wasee wa Nairobi wenye WiFi, bakini na Ubuntu yenu. Huku Matinyani tunanunua bando ya bob 20. Tangu toleo la 22.04, Firefox ya Ubuntu huja kama Snap: mzigo mzito, unaojiapdeti wenyewe bila kukuuliza. Unawasha hotspot usome notes, bando imeshaliwa. Eti jina lake ni "utu". Utu gani huo?

Linux Mint ilifungia Snap nje mwaka 2020. Hiyo ndiyo naweka kwa laptopu za mtumba za RAM 4GB, zile Microsoft iliziacha mataani ilipozika Windows 10 Oktoba 2025. Mnaambiwa mnunue mpya, na pesa ya fees haijatosha!

Seva? Debian, na sibishani. Nyinyi wa Arch, ngojeni stima irudi kwanza.