Nipe Mji

Wako wasomi wa Kiswahili wakililiao kitendawili kila washikapo kalamu, lakini wamwonapo mwanafunzi akicheza mchezo wa maneno katika kompyuta humkemea, wakisema kuwa ni upuuzi wa kigeni. Mimi nasema kuwa wasomi hao wanamwombolezea marehemu aliye hai chumba cha pili.

Asiyeujua mchezo huu na aufahamu kwanza. Hauna picha wala sauti. Mashine humweleza mchezaji mahali alipo, naye huijibu kwa maneno: nenda kaskazini, chukua taa, fungua mlango. Akikosa neno hukwama. Akilipata, njia hufunguka. Will Crowther, Mmarekani aliyezoea kuingia mapangoni, aliutunga mchezo wa namna hii katikati ya miaka ya 1970 kwa kufuata pango halisi la Kentucky, na Don Woods akaupanua mwaka 1977. Mwaka 1980 mchezo uitwao Zork, uliotungwa na vijana wa chuo cha MIT, ulianza kuuzwa kwa wenye kompyuta za nyumbani.

Kigoma na Ujiji kompyuta hizo hazikuwa mali ya watoto. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974. Lakini fumbo lenyewe tulikuwa nalo. Jioni mzee alisema, "Kitendawili!" nasi tukaitika, "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Aliyeshindwa kusema "yai" aliambiwa, "Nipe mji," akatoa Tabora au Kasulu. Crowther alizidisha jambo moja: kitendawili kikiteguliwa kimekwisha, bali katika mchezo wake kila jibu ni mlango wa fumbo jingine. Ziada hiyo si ya kudharauliwa, wala si ya kuogopwa.

Wengine hudai kuwa Kiswahili hakifai kwa kazi hii, kwa kuwa kitenzi chetu kimejaa viambishi, na michezo ya kwanza ilifahamu maneno mawili tu. Kinyume chake ndicho kweli. Tuseme chumbani pana mlango, sanduku na taa. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa vitu hivyo vyote, hivyo mashine haina budi kubahatisha. Mswahili akisema "ufungue," ni mlango. "Lifungue," ni sanduku. "Iwashe," ni taa. Neno moja limebeba tendo na kitu pamoja. Naam, taa na kamba zikikutana, mashine itauliza, "Ipi?" Hata binadamu angeuliza.

Wala visa havihitaji kuagizwa ng'ambo. Mwishoni mwa mwaka 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kutegua fumbo: je, Mto Rusizi huingia ziwani au hutoka? Wakauona unaingia. Lakini Burton na Speke walikwisha kuambiwa hivyo na wenyeji mwaka 1858. Haya, na utungwe mchezo ambao mchezaji si mgeni mwenye kofia, bali ni mpiga kafi wa mtumbwi ule. Na asiyewauliza watu wa pwani asipate kwenda mbele. Historia hiyo imesomwa miaka mingi kwa jicho la abiria. Mchezo unaweza kumpa mpiga kafi neno lake.

Linaloniuma ni hili: mwanafunzi wetu huandika tasnifu juu ya vitendawili kwa Kiswahili, lakini atakapo kuiamuru mashine hushika Kiingereza. Hivyo hujifunza, bila kuambiwa na mtu, kuwa lugha yake ni ya kukumbukia, na lugha ya wengine ni ya kutendea. Lugha isiyofungua mlango wowote mwishowe huwekwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Tangu mwaka 1993 iko Inform, lugha ya kutungia michezo hii, aliyoibuni Graham Nelson wa Uingereza, nayo hutolewa bure. Basi vyuo na vimruhusu mwanafunzi wa fasihi atunge mchezo mmoja kwa Kiswahili, usahihishwe kama isahihishwavyo insha au tamthilia.

Nimetega. Mwenye hoja ya kuukataa mchezo huu na ategue. Akishindwa, anipe mji. Nami mji niutakao ni Ujiji.