Barabara ya Beni–Komanda: radio katika lori si anasa

Mfanyabiashara wa Butembo akipakia lori kuelekea Kasindi au Komanda, swali la kwanza ni hali ya barabara. Dereva naye hutegemea simu. Lakini simu hushika vizuri karibu na miji. Msituni kuna sehemu ambako mtandao hukatika, na hapo ndipo habari inahitajika zaidi.

Wakaaji hawajasahau tarehe 1 Septemba 2021. Siku hiyo msafara wa magari uliosindikizwa na FARDC pamoja na MONUSCO ulishambuliwa karibu na Ofay, kwenye barabara ya Komanda–Luna. Watu waliuawa na magari yakachomwa. Katika msafara mrefu, lori la nyuma halijui kilicho mbele mpaka lifike.

Chombo cha kusaidia kipo: radio aina ya CB. Wadereva wa malori wa Marekani waliifanya maarufu wakati wa uhaba wa mafuta wa mwaka 1973. Haihitaji mnara wala yuniti. Hutumia masafa ya megahezi 27, ina chaneli 40 na nguvu ya wati 4 hivi. Hufika kilometa chache tu, na vilima vyetu hupunguza umbali huo. Kwa hiyo haichukui nafasi ya simu, ila inatosha kwa magari yanayofuatana.

Mwenye lori asikimbilie bei ya chini. Malori mengi makubwa yana umeme wa volti 24, wakati radio nyingi za CB ni za volti 12. Bila kipunguza umeme itaungua siku ya kwanza. Waya utoke moja kwa moja kwenye batri, na fuzi iwekwe karibu na batri hiyo. Antena ndiyo roho ya kazi: ndefu ni bora kuliko fupi, ifungwe juu ya kabini, mguu wake ugusane na chuma kisicho na rangi, kisha ipimwe na kurekebishwa kabla ya safari. Kuzungumza bila antena kunaharibu radio.

Lakini CB haina siri. Anayesikiliza anaweza kuwa mwenzako, anaweza pia kuwa muasi. Dereva asitaje mzigo, pesa, wala mahali askari walipo. Maneno mafupi yanatosha: simama, njia imefungwa, gari limeharibika.

Tena kuna sheria. Masafa ni mali ya taifa, yanasimamiwa na ARPTC, na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ndiyo inayoongoza mawasiliano. Katika jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, dereva akikutwa kizuizini na radio isiyo na karatasi anaweza kuchukuliwa kama mpelelezi.

Ndiyo maana kila dereva asiachwe ajitafutie peke yake. Mashirika ya wadereva na FEC ya Butembo na Beni yaombe ruhusa kwa pamoja. Viongozi wajibu haraka, kwa bei ambayo mwenye lori moja ataiweza. Na gari la askari wanaosindikiza liwe na radio kwenye chaneli hiyohiyo. Bila hivyo wadereva watapashana habari za hatari, na yule mwenye silaha za kuwalinda hatasikia.