Dakika tatu za fidla pale 46

Ukishuka matatu ya nambari 46 huko Kawangware, masikio yako hayapati raha. Makanga anaita abiria, muuza mitumba anataja bei, na spika za makanisa zinashindana. Nani angedhani mtaa huo utanyamaza kusikiliza fidla, au vayolini kama vijana wanavyoiita?

Jumapili moja nilialikwa katika ukumbi wa kanisa mtaani humo. Msichana wa miaka kumi na mitano hivi alisimama na fidla, na kijana mwenzake akaketi kwenye kinanda cha stima. Walikuwa wapige kipande cha dakika tatu hivi kiitwacho "Salut d'amour", kilichotungwa na Mwingereza Edward Elgar.

Mamake msichana, muuza sukuma wiki, alininong'oneza mlangoni: "Dadangu, mtoto nampenda, lakini hiyo fidla itamlisha? Karo yenyewe inanitoa jasho."

Swali hilo ni la haki, wala tusilijibu kwa maneno matamu. Elgar mwenyewe alikuwa mwana wa fundi wa kulinganisha sauti za piano, aliyekuwa na duka la muziki mjini Worcester. Hakusomea utunzi katika chuo chochote, na kwa miaka mingi alipata riziki kwa kufundisha fidla. Kipande hicho alimtungia mchumba wake, Alice, mwaka wa 1888, wakaoana mwaka uliofuata. Alimwuzia mchapishaji kwa fedha chache, na faida kubwa ikaenda kwa wengine. Kwa hivyo anayekuambia fidla ni njia ya mkato ya utajiri anakudanganya.

Basi faida iko wapi? Acha nikueleze nililoliona.

Katikati ya kipande, stima zilipotea. Kinanda kikanyamaza ghafla. Msichana hakubabaika. Alimalizia pumzi ile ya wimbo peke yake, akashusha upinde polepole, akamtazama mwenzake. Stima ziliporudi walianza upya, na ukumbi ukatulia hadi mwisho.

Baadaye mamake alimwambia: "Mara ya kwanza ulimtangulia yule wa kinanda. Mara ya pili mlikwenda pamoja." Mama huyo hajui kusoma noti hata moja, lakini kosa alilisikia!

Naam, masikio yetu si mageni kwa muziki wa upinde. Waluo wana orutu, Waluhya wana shiriri, Wakikuyu wana wandindi, na taarabu ya pwani imezoea fidla miaka mingi.

Kwa vijana wanaojiandaa kupiga vipande kama hivi, zingatieni haya. Kwanza, fidla ifuate sauti ya kinanda, kwani kinanda hakibadiliki jukwaani. Linganisheni kabla watu hawajaingia. Pili, mwenye fidla avute pumzi kwa namna ambayo mwenzake ataiona, ili waanze pamoja. Tatu, fanyeni mazoezi polepole. Kipande kifupi hakina mahali pa kuficha kosa. Nne, waelezeni wasikilizaji kwa maneno mawili matatu kipande kinahusu nini. Mtu akijua huu ni wimbo wa mchumba, husikiliza kwa moyo mwingine.

Nanyi wazazi, msidhani milango imefungwa kwa mtoto wa mtaa wa mabanda. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927, na shule ya muziki ya Kenya Conservatoire of Music ilianzishwa Nairobi mwaka wa 1944. Huko Korogocho, mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka wa 2008 umefundisha watoto wengi kupiga ala hizi hizi. Si wote watakaokuwa wanamuziki. Lakini mtoto aliyejifunza kumsikiliza mwenzake, na kutotoroka giza linapoingia, amepata akiba isiyoibwa.

Nilipoaga, nilimwuliza yule mama ameamua nini. Alicheka, akajifunga leso vizuri.

"Wacha aendelee," akasema. "Lakini sufuria zioshwe kwanza, ndipo fidla itoke kwenye sanduku."

Tukutane Jumapili ijayo.