Neno Unalodhani Unalijua

Jumapili moja jioni jirani yangu aligonga mlango, kamshika mkono mwanawe wa miaka tisa. Tunakaa jengo moja hapa Regent Park. "Dada, nisamehe, najua umetoka kazini. Niangalizie tu huyu."

Nikainua fulana ya mtoto. Bandeji ilikuwa imelowa, kingo zake za njano, na ile harufu nesi yeyote anaijua. Siku nne kabla alikuwa amepasuliwa kidole tumbo.

"Karatasi ya maelekezo hamkupewa?" Walipewa, na mama alikuwa ameisoma mara mbili. Huyu si mtu asiyejua kusoma. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Bukavu, Kifaransa anakisoma bila kusita, na Kiingereza anakisoma vizuri kuliko anavyokizungumza.

Mistari miwili ndiyo iliyomponza: "Keep the dressing dry" na "Call us if there is any discharge". Neno "dressing" alilihusisha na kuvaa. "Discharge" alilisikia wodini siku nzima, manesi wakimaanisha mtoto ameruhusiwa kwenda nyumbani. Basi akaelewa: mvalishe nguo kavu, na utupigie simu akiruhusiwa. Nguo alimvalisha. Simu akaiacha, ya nini, na mtoto yuko nyumbani tayari? Kumbe aliambiwa bandeji isilowe, na kidonda kikitoa usaha au majimaji apige simu.

Usiku uleule tulikwenda idara ya dharura. Kidonda kilikuwa kimepata maambukizi. Mtoto alipewa dawa, na sasa anacheza mpira kama kawaida.

Wazazi wenzangu, huwa tunasema tatizo letu ni maneno magumu. Lakini neno gumu lina heshima yake: unalikuta, unasimama, unauliza. Mama huyu hakusimama popote, kwa sababu hakuona neno lolote geni. Batia Laufer, mtafiti wa lugha kutoka Israeli, aliandika mwaka 1997 kuhusu maneno ambayo msomaji wa lugha ya pili anadhani anayajua, akayahesabu kuwa kikwazo cha aina yake, mbali na maneno asiyoyajua kabisa.

Tazama pia jinsi kosa moja lilivyolibeba lingine. Mtoto kuvalishwa, mtoto kuruhusiwa: ni hadithi nzuri kabisa ya kutoka hospitali. Shuleni tulifundishwa kukisia neno kwa kuangalia maneno ya jirani. Sawa, lakini jirani akiwa naye umemwelewa vibaya, atakuunga mkono katika upotovu wako. Marcella Hu na Paul Nation walichapisha utafiti mwaka 2000: wasomaji waliokutana na neno geni moja katika kila matano, hakuna aliyeielewa hadithi vya kutosha. Ili wengi waelewe bila msaada, walikadiria kwamba inabidi wajue maneno kama 98 katika kila 100. Mistari ile miwili ina maneno 11. Mawili yalikuwa mageni, na mwenyewe hakujua.

Simcheki, maana nami yamenikuta. Nilisoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza kitabu cha baiolojia kikaja kwa Kiingereza. Nikasoma kwamba moyo ni "organ". Kinanda cha kwaya yetu kiliitwa hivyo hivyo! Nikaona mwandishi ni mshairi, moyo unapiga kama kinanda. Nilikaa na maana hiyo hadi mtihani.

Kwa Kiswahili binti yangu, aliyezaliwa hapa, ana bahati kidogo. Alisoma "paa alikimbia" akachora nyumba yenye miguu, kwa kuwa paa alilolijua ni la nyumba tu. Nikamwonyesha kitenzi: paa la nyumba lingelikimbia, yeye kaona "alikimbia", basi huyu ni mnyama. Ngeli inakuvuta shati. Kiingereza hakikuvuti popote.

Kwa hiyo, kwenye karatasi za hospitali, mimi natumia kipimo kimoja. Nikishakisia, najiuliza: je, mwandishi angehangaika kuniambia hili? Nani anamwambia mama amvalishe mtoto nguo kavu? Nani anaomba apigiwe simu kuambiwa jambo alilolifanya yeye mwenyewe? Maana yako ikimfanya daktari aonekane mjinga, ishuku maana hiyo kwanza, hata kama neno unalifahamu miaka yote.

Kisha uliza. Kabla ya kutoka wodini, mwambie nesi kwa maneno yako utakachofanya nyumbani, akusahihishe. Sisi hatuchoki na hilo, au hatupaswi kuchoka. Omba mkalimani, usimbebeshe mtoto kazi hiyo. Ukiwa nyumbani hapa Ontario, piga 811 saa yoyote, bila malipo, utazungumza na nesi, na hapo pia unaweza kuomba mkalimani.

Juzi jirani yangu kaja tena, safari hii na karatasi ya daktari wa meno. Alikuwa amezungushia penseli maneno matatu, yote mepesi. Akaweka kidole kwenye "crown".

"Dada, hili nalijua ni taji la mfalme. Sasa kwenye jino langu linatafuta nini?"