Geji Inayodanganya Isiuzwe kwa Ndugu

Kuna jambo limezoeleka mno miongoni mwa Waswahili wa hapa Doha, na kwa kuwa limezoeleka hakuna tena anayeliona kuwa ni aibu. Mtu ananunua gari kuukuu, geji yake ya mafuta imekufa au inasema uongo, na badala ya kuitengeneza anajifunza kuishi nayo. "Ikifika robo ujue limekwisha." "Usiangalie mshale, hesabu kilomita." Siku ya kurudi nyumbani au ya kupata gari jipya, gari lile linauzwa kwa ndugu aliyeshuka juzi kutoka Mombasa, Tanga au Unguja, na siri ya mshale inabaki kwa muuzaji. Sisi tunasema desturi hii ni mbaya na inafaa ikome.

Tusidanganyane, hapa si Kariakoo wala Kongowea, ambako gari likizimika vijana watalisukuma na mwenye bodaboda atakuletea mafuta kwenye kidumu. Barabara ya Salwa, kutoka mjini hadi mpakani Abu Samra, inakaribia kilomita 100, na sehemu kubwa ni jangwa kulia na kushoto. Ya Dukhan na ya Shamal nazo ni hivyo hivyo. Kiangazi joto linapita nyuzi 40, na serikali yenyewe inakataza kazi za nje juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Gari likiishiwa petroli, injini inazimika na kiyoyozi nacho kinakufa. Hebu mweke ndani yake mama na mtoto mchanga, halafu utuambie kama uongo wa mshale ni jambo la kuchekea.

Wapo watakaojibu kwamba wao wanalijua gari lao. Sawa, lakini mkeo analijua? Na rafiki uliyemwazima aende uwanja wa ndege usiku? Hesabu ya kilomita nayo haiaminiki: foleni za jioni na kiyoyozi kinachofanya kazi mchana kutwa hula mafuta ambayo kilomita hazionyeshi, na bomba likivuja hesabu yako yote ni bure. Wengine husema petroli ya Qatar ni rahisi, jaza kila siku uishi kwa raha. Nao tunawauliza: tangu lini urahisi wa petroli ukawa dawa ya chombo kibovu? Tena pampu ya umeme iliyo ndani ya tanki hupozwa na petroli yenyewe. Anayetembea na tanki karibu tupu bila kujua anaiunguza pampu, na bei ya pampu si ya kuchezea.

Kinachotuudhi zaidi ni kwamba ugonjwa huu una kipimo chepesi. Ndani ya tanki mna boya lililoshikwa na mkono mwembamba. Boya likipanda au kushuka, mkono unasugua kibao cha umeme, na ukinzani unaobadilika pale ndio unaousogeza mshale kwenye dashibodi. Basi wa kushukiwa ni wachache: boya na kibao chake, waya, athi, fyuzi, na geji yenyewe.

Kwa gari la zamani lenye geji ya mshale, fundi afungue swichi bila kupiga stata, achomoe waya unaotoka kwenye boya, kisha auguse kwenye bodi kwa sekunde moja au mbili, mbali na mvuke wa petroli. Katika magari mengi ya Kijapani mshale utapanda kuelekea F, na waya ukiachwa wazi utabaki E. Katika magari ya zamani ya GM ni kinyume chake. Mshale ukitii, geji na waya ni wazima, na ugonjwa uko tankini au kwenye athi. Usipotii, tafuta mbele: fyuzi, waya au geji.

Kabla ya kushusha tanki, safisha kwanza athi, kwani kutu ya hewa hii ya Ghuba hupenda kukaa hapo. Baadaye ndipo boya litolewe na kupimwa kwa mita likiinuliwa polepole. Namba ziende taratibu bila kuruka; kwa GM za zamani ni kutoka 0 hadi karibu ohm 90. Boya lililotoboka huzama, na mshale husema tupu siku zote. Mkono uliopinda hukosea kwa kiasi kile kile kila mara. Na kwa wenye Land Rover za zamani, geji ya mafuta na ya joto zikidanganya kwa pamoja, mtazame kwanza mdhibiti wa umeme wa geji.

Kwa hiyo fundi wa Sanaya akikwambia "badilisha pampu nzima" kabla hajagusa waya hata mmoja, mwambie apime kwanza. Huenda pampu haina kosa lolote. Mwezi Mei 2004, huko Florida na Louisiana nchini Marekani, petroli yenye salfa nyingi iliharibu geji za mafuta kwa kula vigusio vya fedha vya boya, na kampuni ya Shell ikalazimika kusimamisha uuzaji wake kwenye baadhi ya vituo. Kidonda kilikuwa kwenye kibao kidogo kisichozidi kiganja.

Tunarudi kwa muuzaji, maana maneno haya hasa ni yake. Mgeni anayenunua gari lako hajui Kiarabu, hajui barabara, na amekuamini kwa sababu mnasema lugha moja. Ukimwandikia istimara kwa jina lake na kumficha ugonjwa unaoujua, umemuuzia mbuzi kwenye gunia. Usitwambie kwamba hakuuliza. Angeulizaje uongo ambao hajaufahamu? Ama itengeneze geji, ama mwambie wazi mbele ya shahidi na upunguze bei. Na wewe mnunuzi, usitoe riyali hata moja kabla ya kwenda na gari kituo cha mafuta, kutia lita 20 na kuona mshale umepanda kiasi gani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Salwa ni ndefu, na anayeachwa katikati yake si yule aliyesema uongo. Muungwana ni vitendo: tengeneza, au sema.