Kiliokotwa Wapi?

Kijana mmoja kutoka Iringa alikunjua karatasi ya gazeti mezani petu. Ndani mlikuwa na kipande cheusi cha kung'aa. Akauliza: ni kimondo, na kina bei gani? Tulipokiinua dirishani kiligeuka kijani, mapovu tele, na pembeni bado unaiona shingo ya chupa. Moto ulikuwa umeiyeyusha.

Swali lake ndilo limezaa toleo hili, kwa maana kioo kinachotokana na kimondo kipo. Kimondo kikubwa kikitua kwa kasi, mwamba wa ardhini huyeyuka, matone yake yakarushwa juu na kuganda kuwa kioo. Kishindo kilichochimba bonde la Ries, Ujerumani, miaka milioni 15 hivi iliyopita, kilirusha matone ya kijani mamia ya kilomita hadi Cheki. Leo watu huyavaa shingoni, na matapeli huyaiga kwa kuyeyusha chupa. Mafundi wa Misri ya kale nao walichonga mbawakawa wa kioo cha manjano cha jangwani kwa ajili ya pambo la Tutankhamun.

Kimondo chetu cha Mbozi, pale Ndolezi, hakina kioo, wala shimo lake halijaonekana. Ni chuma kwa takriban asilimia 90, uzito wake ukikadiriwa tani 16. Wenyeji walikijua kabla mpima ardhi W. H. Nott hajakitangaza mwaka 1930. Ngozi ya kimondo hicho ina vibonyeo kama vya dole gumba kwenye udongo mbichi. Lakini nenda kwenye ncha yake: utakuta alama ya msumeno wa wachunguzi, na makovu ya waliotaka kumega kumbukumbu ya kwenda nayo nyumbani.

Siwalaumu wanaopenda mawe, nami nayapenda. Ninachodai ni mahali. Jiwe lisilojulikana lilikotoka limekatwa ulimi. Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, zipo zana za mawe zilizoachwa pale pale korongoni, na ndiyo maana tunaweza kuwasoma waliozichonga.

Basi tukamwuliza kijana: umekiokota wapi? Akageuza gazeti, akachora barabara, mkuyu, na jalala la zamani nyuma yake, hatua arobaini kutoka mtoni. Mchoro wake uko ukurasa wa nne.